Hotpoti Yenye Kitone Chekundu

Ketini, ketini. Mliosimama kule nyuma nawajua, mnataka kutoroka kabla ya sadaka. Mimi pia hukaa huko.

Kabla sijaanza, akina mama wa jikoni wamenipa tangazo. Nimewaambia nitalitoa mwisho, kwa sababu nikilitoa sasa kuna mtu humu atapata simu ya ghafla na kutoka nje. Kwa hivyo tulia. Simu weka mfukoni.

Mchungaji aliniambia hivi: "Jumapili ya vijana utahubiri wewe, si una muda?" Asante, Mchungaji. Ni kweli, muda ninao. Digrii ninayo, muda ninao, suti ya kuazima ndiyo hii. Kitu sina ni ile barua inayoanza na "We are pleased". Zangu zote huanza na "We regret", na huwa najiuliza, hawa watu wanaoregret kila siku namna hii, si waje madhabahuni tuwaombee?

Haya. Sikilizeni mfano.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyesomea mambo ya maji: mabomba, visima, pampu. Alihitimu vizuri tu. Akatembeza vyeti vyake Nairobi mpaka bahasha ikachanika pembeni. Kila ofisi swali ni moja: "Una experience?" Niwaulize, ndugu zangu, experience mtu huzaliwa nayo? Hutoka na kondo la nyuma? Ukisema huna, unaambiwa nenda ukaitafute. Ukiuliza itapatikana wapi, unaonyeshwa mlango.

Basi akapata nafasi ya kujitolea ng'ambo. Msipige makofi bado. Si ile ng'ambo ya theluji. Ni Malawi, kaskazini huko, basi juu ya basi, unaikata Tanzania kutoka kichwani mpaka miguuni. Na kujitolea maana yake kazi ipo, jua lipo, mshahara haupo. Unapewa pa kulala, chakula, na pesa ya sabuni.

Akaenda. Kazi yake ilikuwa kufufua pampu za mkono, zile za visima vya vijiji unazopiga juu chini, juu chini. Akapewa nyumba ya kukaa kwa mama mmoja wa makamo, mama mwenye Kiswahili cha mpakani na ulimi mkali. Mngempenda.

Siku ya kwanza kijana akainama kuweka begi lake chini ya kitanda. Akakuta buti kubwa, nzito.

"Mama, hizi buti ni za nani?"

"Za yule wa kwanza. Mzungu mrefu, mtoto mzuri sana. Alienda kwao likizo, alisema atarudi."

"Na hizi sandali?"

"Za binti aliyemfuata. Huyo naye alilia wakati wa kuaga, mpaka mimi nikambembeleza. Alisema atarudi."

"Na hii kofia?"

"Mwanangu, weka begi lako. Usiwasumbue panya, wamezaa ndani ya buti."

Mnaona? Chini ya kitanda cha yule mama kulikuwa na jumba la makumbusho. Watu wazuri wote. Wote walipenda kijiji. Wote walipiga picha na watoto. Na wote walisema watarudi.

Kijana akafanya kazi mwaka mzima, na alifanya kazi, sidanganyi. Desemba ikafika, likizo ya kwenda nyumbani. Sasa pampu ya kijiji kile kile ndiyo ilikuwa imefunguliwa. Mabomba yameegemezwa ukutani sebuleni kwa yule mama, kwa sababu kuna mpira wa ndani ulioagizwa na ungefika baada ya mwaka mpya. Wanawake wamerudi mtoni na ndoo, huko ambako ng'ombe nao wanakunywa.

"Mama," kijana akasema, "mwaka mpya nitakuwa hapa. Mimi mwenyewe nitaifunga."

Mama akatazama chini ya kitanda. "Sawa, mwanangu," akasema. Akaingia jikoni, akatoka na hotpoti yake, kile chombo cha kufunikia ugali usipoe. Moja tu aliyo nayo. Rangi ya damu ya mzee, maua ubavuni. Ameijaza karanga za kukaanga mpaka mfuniko unafungika kwa shida.

"Mpelekee mama yako. Mwambie nashukuru kwa mtoto."

"Yewo chomene, mama." Ndiyo asante ya huko, alikuwa ameshajifunza. "Lakini ngoja nizimimine kwa mfuko. Hotpoti itanibana kwa begi."

"Nenda nayo hivyo hivyo."

"Na wewe ugali wako utaufunika na nini?"

"Nimesema nenda nayo hivyo hivyo."

Shikeni hapo. Mtu asisinzie.

Kijana akafika nyumbani. Mnajua kufika. Jogoo ambaye alikuwa anatembea kwa kiburi asubuhi, saa sita yuko ndani ya sufuria. Chapati zinapikwa kama kesho zinapigwa marufuku. Mama yake akapokea hotpoti, akala karanga akamaliza, akaiosha, akaiweka juu ya kabati la vyombo, kitambaa cha kushona chini yake. Akina mama wa kanisa walipokuja, akawa anapita karibu nayo bila sababu, mpaka mmoja akauliza.

"Mama nanii, na hiyo?"

"Aah, hii? Mwanangu ameniletea kutoka ng'ambo."

Wakaipokezana. Wakaifungua, wakainusa, wakaifunga. "Imetulia," wakasema. Wakaisifu juu, wakaisifu ubavuni. Hakuna aliyeigeuza chini.

Kisha akaja khocha wake. Kwa wale mliooa juzi na bado hamjafundishwa na wakwe, khocha ni mjomba, kaka wa mama. Huyu alikuwa khocha kamili: fimbo, koti, na maoni juu ya kila kitu.

"Kijana, huko ng'ambo wanakulipa pesa ngapi?"

"Hawanilipi, khocha. Najitolea."

"Unajitolea nini? Damu?"

"Kazi. Natengeneza pampu za visima."

"Kwani hapa hakuna visima? Kisima cha shule kimekufa tangu mimi nikivaa kaptura!"

"Nilienda ofisini kukiulizia, khocha. Wakaniuliza experience."

Mzee akavuta kiti karibu. Akashusha sauti, kana kwamba kuku wanaweza kwenda kusema. "Sasa sikiliza. Kuna mtu. Huyo mtu anajua mtu. Na huyo mtu wa pili yuko karibu sana, sana, na mtu. Nimeshapeleka jina lako. Atapiga simu wakati wowote. Usitoke hapa."

Mbona mnacheka? Si ni nyinyi? Nani humu hana mtu anayejua mtu? Sisi wote tumekaa nyumbani tunailinda simu kama kuku anayelalia mayai. Mayai yenyewe ni ya plastiki.

Mama yake akaingia na chai. "Umesikia khocha wako. Huendi mahali. Kazi bila mshahara ni ugonjwa. Nimemaliza."

Na kijana, niwaambie ukweli, hakubisha sana. Kitanda cha nyumbani kilikuwa kimemkumbuka. Kila siku chapati. Akaanza kuandika ujumbe kwa simu: "Kutokana na sababu zisizoepukika..." Hilo neno mnalijua. Kila niliyemwona akiliandika alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kuziepuka. Akaandika, akafuta. Akaandika tena. Hakuutuma, lakini hakufungasha begi pia. Na huko sebuleni kwa watu mabomba yameegemea ukuta, na wanawake wako mtoni na ng'ombe.

Hata mtume wa Biblia asingemwokoa. Khocha ndiyo kabisa. Nani alimwokoa? Rangi ya kucha.

Jirani alikuwa anaoza binti. Mama yake kijana akaamua pilau yake itaenda harusini ndani ya hotpoti ya ng'ambo, watu waone. Lakini mnajua vyombo vya harusi. Hotpoti zinaingia jikoni kama mia, zinatoka zimebadilisha dini. Unapeleka nzima, unarudi na yenye mfuniko wa mwenzako. Kwa hiyo akina mama wana akili yao: kila mmoja huchukua rangi ya kucha akatia kitone chini ya chombo, pale pasipoonekana. Cha kijani, cha dhahabu, cha pinki. Hiyo ndiyo title deed.

Mama akachukua rangi yake ya bluu. Akaketi barazani. Akaiweka hotpoti mapajani, akaipindua ili aitie kitone chake.

Akakuta kitone chekundu. Cha zamani, kimekwanguka nusu kwa kuoshwa.

Brashi ikabaki hewani.

"Wewe! Kuja hapa!"

Kijana akaja na chapati mkononi.

"Hii ni ya nani?"

"Si ni ile uliyoletewa, mama?"

"Sijauliza aliyeletewa ni nani. Nimeuliza, hii ni ya nani?"

"Ya yule mama ninayekaa kwake. Alisema nikuletee karanga."

"Alisema uniletee karanga, ama alisema uniletee hotpoti?"

Kijana akatafuna polepole. "Alisema... karanga."

"Na kwa nini hukuzimimina kwa mfuko?"

"Nilitaka. Alikataa. Alisema niende nayo hivyo hivyo."

Mama akairudisha brashi chupani. Akaifunga rangi yake. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka kwenye kochi lake: "Nimekula karanga za mwanamke mwenzangu, nikamaliza. Chombo chake nimekipamba kabatini. Nimekionyesha kanisa zima nikasema ni changu. Na saa hii yeye anapika ugali wake anaufunika na sahani."

"Mama, ni hotpoti tu."

"Ni hotpoti tu?" Akasimama. "Nani alikuzaa wewe? Mimi? Una hakika?"

Khocha akaitwa. Khocha akatoa hekima: itumwe kwa basi. Ikapigwa simu kwa watu wa vifurushi. Wakasema mzigo unafika mpakani, mwenye mzigo aje auchukue. "Mwenye mzigo atoke kijijini aje mpakani kuchukua chombo ambacho ni chake?" mama akauliza. "Kwani karanga zake mimi nilizifuata mpakani?"

"Basi apelekewe pesa anunue ingine," khocha akasema.

"Wewe, yule jirani uliyempotezea jembe alikuambia ununue lingine, au alitaka jembe lake lilelile?"

Khocha akanyamaza. Ni mara moja tu katika mfano huu wote khocha ananyamaza, kwa hivyo tumpe muda.

Kisha mama akamgeukia kijana. "Funga begi."

"Mama, si ulisema siendi?"

"Kazi ya bure siikubali, na nimesimama palepale. Lakini chombo cha mtu ni chombo cha mtu. Utakirudisha kwa mkono wako, na hakirudi kitupu."

Khocha akaruka. "Na yule mtu? Akipiga simu?"

"Akipiga, mwambie mtoto ameenda kurudisha chombo. Kama amelelewa, ataelewa."

Akakaanga simsim, akaichanganya na asali, akaijaza ndani ya ile hotpoti. Juu yake akakalisha kibakuli chake cha maua. Kile cha kabatini! Kile ambacho hata Mchungaji akija hawekewi. Usikasirike, Mchungaji, ni mfano. Akakijaza majani chai.

"Mama," kijana akasema, "si majani chai yangekaa kwa paketi yake?"

"Yatakaa hapo."

"Kibakuli kitavunjika njiani."

"Nimesema yatakaa hapo."

Mmesikia sauti hiyo mahali? Mmeisikia. Vijana hatusikii. Tunasikia maneno tu.

Kijana akasafiri, basi juu ya basi, hotpoti mapajani kama mtoto mchanga. Akafika. Yule mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Hakukimbia kumkumbatia. Aliangalia kwanza mkono umebeba nini. Akaipokea hotpoti, akaifungua, akakitoa kile kibakuli, akamwaga majani chai kwenye mfuniko. Na kabla hajaonja chochote, akakigeuza chini.

Kitone cha bluu.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka mchele ukamwagika, akaketi chini, akapiga mapaja.

"Mama yako ni mtu!" akasema. "Ee, mama yako ni mtu kabisa! Sasa Desemba utaenda kwenu, utake usitake. Hiki hakikai hapa, na hakirudi kitupu."

"Mama," kijana akasema, "kwani wewe ulijua nitarudi?"

"Wewe? Wewe sikukujua. Wewe ni kijana, na kijana huota mizizi popote pana chapati. Nilimtegemea mama yako."

"Hujawahi kumwona!"

"Nimekuona wewe ukiosha sahani bila kuambiwa. Aliyekufundisha hilo hawezi kulala na chombo cha mtu ndani ya nyumba yake."

Kijana akachungulia ndani, chini ya kitanda, buti ziko palepale. "Na hawa wengine? Si nao uliwapa karanga?"

"Niliwapa. Lakini wao niliwafungia kwa mfuko." Akatikisa kichwa, akiokota mchele. "Mfuko haurudi, mwanangu."

Mpira wa ndani ulikuwa umefika. Akaifunga pampu, maji yakatoka, wanawake wakatoka mtoni wakawaachia ng'ombe. Na yule mtu anayejua mtu hajapiga simu mpaka leo.

Sasa. Mmecheka, meno yote nimeyaona. Nigeuze chombo.

Yule kijana alidhani yeye ndiye anayetoa. Si jina lenyewe ni kujitolea? Alidhani amewafanyia watu hisani, na hisani mtu huweza kuikatiza anapochoka. Kumbe alikuwa mkono tu. Waliokuwa wanashikana ni wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana, na kilichowashikanisha si hotuba, si mkataba, si wito wa ajabu wa saa nane usiku. Ni aibu nzuri ya kukaa na chombo cha mwenzako.

Sijasimama hapa kuwaambia mkafanye kazi bure. Ofisa wa kaunti uliyeko kiti cha tatu usitabasamu, sijasema hivyo. Mtu akifanya kazi alipwe, na alipwe kwa wakati, na swali la experience lichomwe moto. Hapo sijalegea.

Ninachosema ni hiki. Mungu hajawahi kutufungia kitu kwa mfuko. Yeye hutoa kwa hotpoti. Nguvu ulizo nazo, akili iliyokutoa darasani, hiyo sauti ya kwaya unayoiringia, yule mtoto, yule mume ingawa anakoroma: karanga zilikuja ndani ya chombo, na chombo kina mwenyewe. Sisi tumefanya nini? Tumekula karanga. Tumeosha. Tumeweka juu ya kabati, kitambaa chini. Tumeita majirani tukasema ni yangu hii, nimetoka nayo mbali. Tukachukua na rangi yetu ya bluu, tukae barazani tutie kitone.

Wengine, na mnajua ninaowasema, walikuta kitone chekundu wakakwangua. Kiti cha umma wamekitia kitone cha ukoo wao. Shamba la shule lina kitone cha mtu. Zahanati dawa zinaingia, zinatoka na kitone kingine. Siku ya harusi, mwenye vyombo atakapoingia jikoni kuvichukua, mtamwambia nini? Kutokana na sababu zisizoepukika?

Na sisi vijana tusijifiche nyuma yao. Ndiyo, tumenyimwa. Nina hasira, na sitaomba msamaha kwa hasira hiyo. Lakini hata aliyenyimwa kazi hajanyimwa vyote. Kuna kitu ulipewa, na mahali fulani kuna mabomba yameegemea ukuta, na mtu alikuambia "sawa, mwanangu" akatazama chini ya kitanda. Uliahidi utarudi. Kwa mgonjwa uliahidi. Kwa nyanya yako. Kwa wale watoto wa Sunday school uliowafundisha nusu ya wimbo, mpaka leo wanaimba nusu. Rudi. Usingoje ujisikie. Yule kijana hakujisikia, alitumwa na chombo.

Tuombe... ngojeni, tusiombe bado. Tangazo.

Akina mama wa jikoni wanasema sufuria yao kubwa, ile ya pilau, haijaonekana tangu harusi ya Agosti. Ina kitone cha kijani chini, karibu na mpini wa kushoto. Wanasema wanajua iko kwa nani. Wanasema hawatataja jina, kwa sababu sisi ni watu wa neema.

Ndugu, tunakupenda. Irudishe.

Na isirudi tupu.